Mwinjilisti wa Mzee Hashi

Simu ilimkuta Wakiuru nyuma ya nyumba yake pale Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, akiimwagia sukuma wiki maji ya kufulia. Namba hakuijua. Alijipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akaipokea akidhani ni wale vijana wanaopiga wakiuza bima. Mwanamke wa upande wa pili alimwamkia kwa heshima.

"Mwalimu, ni Sagal. Sagal wa Hashi, wa Nanyuki."

Wakiuru akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwite Mwalimu kwa sauti ile, na papo hapo akamwona msichana mwembamba mwenye shungi la kijani, amesimama mlangoni pa darasa la mbao, hataki kuingia na hataki kuondoka.

Sagal alieleza polepole. Siku hizi alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na soko la mbuzi. Wiki iliyopita aliingia mteja mmoja kutoka Gatitu, mkulima aitwaye Mwai, aliyetaka dawa ya kupe, na katika mazungumzo Sagal akamuuliza kama anamjua Mwinjilisti Ngatia wa huko kwao. Mwai akamjibu kwamba alimjua sana, kwamba alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, na sasa ni mwaka wa tatu. Sagal alifunga duka mapema siku hiyo. Zikampita siku kadhaa kabla hajapata moyo wa kumweleza baba yake.

"Baba anasema angekuja mwenyewe kukupa pole huko nyumbani," Sagal alisema, "lakini miguu imekataa. Anauliza kama wewe utaweza kuja. Tangu nimwambie hajala vizuri."

Wakiuru alimjibu kwamba atakuja.

Jioni alimweleza mwanawe Munene, aliyekuwa akifanya kazi Thika. Munene hakupendezwa. Kwa muda mrefu alikuwa akimsihi mama yake aifunge nyumba ya Gatitu aende kukaa kwake, aache kuhangaika peke yake na kuku, na sasa anasikia ati anakwenda Nanyuki kwenye ule upepo, na magoti yale. Akauliza kuna nani huko. Swali hilo lilimchoma Wakiuru kidogo, kwa sababu Munene alijifunzia kutembea katika uwanja wa kanisa la Nanyuki, akishikilia mikia ya mbuzi wa Hashi. Lakini alikuwa mdogo mno. Kichwani mwake hakukubaki kitu ila vumbi.

Alhamisi asubuhi jirani yake Kingori, aliyekuwa akipeleka miche ya parachichi upande huo, alimpa nafasi kwenye pikapu. Wakiuru alipakata kiondo chenye nduma na ndizi mbivu, kwa kuwa hakuzoea kwenda kwa watu mikono mitupu. Walipoipita Naro Moru migomba iliisha, nyasi zikageuka manjano, na mlima ambao kule Nyeri ulikuwa umejifunika mawingu ukatokeza mzima mzima. Kingori alizungumza juu ya mvua zilizochelewa. Wakiuru aliitikia pale palipohitaji kuitikiwa, lakini mawazo yake yalikuwa yamekwisha kumtangulia.

Alizaliwa Kangari, kwenye majani chai, mahali ambapo ardhi haikauki na mtu huamka akikanyaga umande. Aliolewa na Ngatia akiwa mwalimu mgeni kazini, na mwanzo waliishi chumba cha kupanga Skuta, mtaa wa Nyeri, Ngatia akihubiri mitaani na yeye akitafuta shule ya kumwajiri. Ndipo kanisa likampa Ngatia kazi ya kufungua tawi Nanyuki, karibu na soko la mifugo, kwa wafanyabiashara wa Kisomali na watu wengine walioteremka na wanyama kutoka kaskazini. Walipewa kiwanja, jumba la mbao za saiprasi lililoezekwa mabati, na pikipiki iliyokufa kabla mwaka haujaisha. Wakiuru alipofika mara ya kwanza alisimama uwanjani, upepo ukamjaza vumbi mdomoni, akamwambia mumewe kwamba hapa hata mchicha hautaota. Ngatia alicheka tu, akaenda kutafuta maji.

Wazo la kufundisha lilikuwa la Wakiuru. Aliwaona watoto wakishinda sokoni kutwa nzima, wakishika kamba za mbuzi huku baba zao wakibishana na wanunuzi, na shule za mjini ziliwashinda kwa sababu familia zilihama na kurudi kufuata biashara. Akamwambia Ngatia kwamba jumba lile linakaa bure tangu Jumatatu hadi Jumamosi, basi wawafundishe watoto kusoma. Walipiga rangi nyeusi ubao mmoja mpana, wakaupigilia ukutani. Waliokuja mwanzoni walikuwa watoto wa Kikuyu wa mafundi mbao waliokuwa jirani. Wasomali walipita nje wakitazama.

Ngatia hakuwasukuma. Kila asubuhi alikwenda sokoni, wala hakubeba Biblia. Alikuwa mtoto wa wakulima, alijua kumshika mnyama, basi akawa anasaidia kuwakamata mbuzi wanaotoroka na kuwapandisha kwenye malori. Akajifunza salamu za Kisomali, akazikosea vibaya, watu wakamcheka, naye akacheka pamoja nao. Ndiyo maana walimzoea.

Wa kwanza kuja kutoka upande ule alikuwa Sagal. Alikuja akasimama mlangoni, na kesho yake akaja tena. Wakiuru alijifanya hamwoni. Siku moja darasa zima lilikwama kwenye neno ng'ombe, zile herufi mbili za mwanzo na kale kakistari vikiwachanganya, na kutoka mlangoni ikatoka sauti kubwa ya hasira kidogo, kama ya mtu aliyechoka kusubiri, ikalisoma neno lile. Darasa likageuka. Sagal mwenyewe alionekana kushtuka kuliko wote. Wakiuru akamsogezea nafasi kwenye benchi bila kusema kitu, akaingia. Baada yake wakaja ndugu zake, kisha binamu zake, na haukupita muda wakawa wanabanana, Wakikuyu na Wasomali na Waturkana wawili watatu, wakisoma kwa sauti moja hata mabati yakiungurumishwa na upepo hawasikii.

Kisha likizo moja wakaja vijana kutoka Nyeri kuwasaidia, wakiongozwa na Moffat, mwanafunzi wa chuo mwenye moyo wa kazi ya Mungu na haraka nyingi. Moffat hakumwambia mtu. Aliwatilia watoto vijikaratasi vya injili ndani ya mifuko yao ya vitabu, akijua watavifikisha nyumbani. Vilifika. Jumatatu iliyofuata darasani walikuwa watoto wa mafundi mbao peke yao, na habari zikaja kwamba Hashi, baba yake Sagal, ambaye neno lake lilisikika sokoni kote, amesema hakuna mtoto wao atakayelikanyaga tena geti lile.

Wakiuru alitaka waandike barua ya kuomba radhi. Ngatia alikataa, akasema jambo la aina hii mtu huenda mwenyewe. Alikwenda sokoni akamkuta Hashi akifungua midomo ya mbuzi na kutazama meno. Hashi alimwona, akaendelea na mbuzi wake. Ngatia akaketi juu ya jiwe kando ya zizi. Hakuna aliyemletea kigoda. Jua likapanda likampiga utosini, likaanza kushuka, malori yakaja na kuondoka, na wauza maziwa waliokuja baadaye kumsimulia Wakiuru walisema mwinjilisti alikaa pale kama mtu aliyesahauliwa na wenzake safarini. Baada ya sala ya alasiri Hashi alikuja akasimama mbele yake.

"Unataka watoto wangu," akamuuliza, "au unataka watoto wangu wajue kusoma?"

Ngatia aliinuka akajipangusa vumbi. "Ninachokiamini, ningefurahi na wewe ukiamini. Siwezi kukuficha hiyo. Lakini nitakuambia wewe, mtu mzima mwenzangu, uso kwa uso. Mtoto wako sitamwambia kisirisiri."

Hashi akaagiza chai iletwe.

"Basi niambie mimi," akasema. "Na mimi nitakuambia yangu. Watoto waache wasome."

Watoto walirudi, na Moffat naye alipelekwa na Ngatia kuomba radhi, akaenda akitetemeka na kurudi ameshiba nyama. Tangu hapo kila Alhamisi jioni ama Ngatia alikwenda kwa Hashi ama Hashi alikuja kanisani, wakaketi nje na birika la chai ya hiliki, wakabishana. Walibishana juu ya Ibrahimu na wanawe wawili. Walibishana juu ya Isa bin Mariamu mpaka Wakiuru, aliyekuwa ndani akisahihisha hesabu, akadhani watapigana, halafu akasikia kicheko. Hakuna aliyemsogeza mwenzake hata hatua moja. Mwezi wa Ramadhani Ngatia hakugusa chai mpaka jua lizame, na kila Krismasi mbuzi aliletwa getini amefungwa kamba shingoni, na aliyemleta akaondoka bila kungoja shukrani. Mwaka wa ukame mkubwa, tangi la kanisa lilifunguliwa kwa kila mtu aliyekuja na mtungi, na Hashi ndiye aliyesimama pale kuwapanga watu foleni.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Wakiuru, hata baada ya kuzeeka, aliiita miaka yetu. Akisema hivyo hakuna aliyehitaji kuuliza ni ipi.

Iliisha kwa ziara ya kamati. Wazee wa kanisa walikuja kutoka Nyeri wakaketi darasani kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Walikula wakashukuru. Kisha mwenyekiti wao, Mzee Wamae, akauliza ni wangapi kutoka jamii ile waliobatizwa. Ngatia akasema hakuna. Mzee Wamae hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vituo vingi vya kuviangalia na watumishi wachache. Alishusha sauti akauliza, "Sasa matunda yako wapi, Mwinjilisti?" Ngatia akanyoosha mkono kuelekea dirishani, ambako watoto walikuwa wakisomeana kwenye kivuli cha jumba. Wazee walitazama huko kwa adabu. Kabla mwaka haujaisha Ngatia alihamishiwa Gatitu, darasa likafungwa, na mabenchi yakapelekwa tawi lingine.

Ngatia hakulalamika. Alifundisha shule ya Jumapili, akawazika watu na kuwaombea wagonjwa, akazeeka. Lakini mtu akimuuliza habari za Nanyuki alisema kulikuwa na upepo mwingi, akabadili mazungumzo. Ni mwishoni tu, alipokuwa kitandani na sukari imemmaliza, alipofungua macho siku moja mchana akamuuliza mkewe, "Wakiuru, sisi tulifanya nini kule?" Wakiuru alikuwa akimkunjia shuka. Alimjibu, "Tulifundisha." Ngatia aliugeuza uso upande wa dirisha, wala hakuuliza tena. Tangu azikwe, hakuna siku iliyompita Wakiuru bila yeye kulitafuta jibu lililo bora kuliko lile, na hakuwahi kulipata.

Pikapu ilimshusha Majengo, mtaa wa Nanyuki alikokaa Hashi. Sagal alikuwa akimngojea getini, mwanamke mnene sasa mwenye miwani, akamkumbatia mpaka kiondo kikaanguka na ndizi zikatawanyika. Walizikusanya pamoja, wote wawili wakipangusa machozi na wakisingizia upepo.

Mzee Hashi alikuwa sebuleni, ameketi sakafuni juu ya godoro, ameegemea mito, ndevu zake zimepakwa hina. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale ya kutazama meno ya mbuzi. Aliweka mkono kifuani kumsalimu. Wakiuru naye akaweka wake. Hashi akampa pole kwa maneno mengi na taratibu, akamwombea marehemu rehema, akanyamaza, kisha akamwambia Wakiuru naye aombe kwa namna ya kwao, kwa kuwa Ngatia angependa hivyo. Wakiuru aliomba kwa Kikuyu bila kujua kwa nini Kiswahili kilimpotea. Sagal alileta chai na anjera, ile mikate laini ya Kisomali.

Hashi alitaka kujua kama rafiki yake aliteseka. Wakiuru akamweleza yote, ugonjwa, hospitali, siku za mwisho. Hashi alisikiliza akitikisa kichwa. Halafu akauliza, "Alitutaja?"

Wakiuru angeweza kusema ndiyo na kuishia hapo. Lakini mzee huyu na Ngatia hawakuwahi kufichana kitu, akaona si yeye wa kuanza. Akamwambia lile swali ambalo mumewe aliuliza, na jibu alilompa, na jinsi alivyougeuza uso.

Hashi akaweka kikombe chini.

"Mama Munene," akasema, "mimi nilienda Nyeri."

Wakiuru hakuelewa.

Basi Hashi akasimulia. Mwezi mmoja hivi baada ya wao kuhamishwa, alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akaenda Nyeri, akaulizia mpaka akafika ofisi ya kanisa. Walimweka kwenye kiti kizuri. Walidhani amekuja kushtaki, kwamba pengine mwinjilisti wao alimkosea au alimwacha na deni, na wakawaita wazee wengine waje kusikiliza, kila mmoja akiwa na uso wa kuomba radhi.

"Nikawaambia sikuja kushtaki. Nimekuja kuwaomba mnirudishie mwinjilisti wangu." Hashi alikohoa. "Wakaniuliza kama nimeokoka. Nikasema mimi ni Mwislamu, baba yangu alikuwa Mwislamu, na nitakufa hivyo hivyo. Wakaangaliana. Mmoja akaniuliza, sasa Mzee, wewe mwinjilisti ni wa nini?"

Wakiuru alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Akajiziba mdomo kwa leso.

"Ukawajibu nini?"

"Nilisema ni rafiki yangu. Hata mimi mwenyewe nilisikia haitoshi."

Walikuwa watu wa heshima, Hashi alisema. Walimpa chai na mkate wa siagi, wakamsindikiza mpaka barabarani. Alitaka kupitia Gatitu amwone Ngatia, lakini aliona haya, mtu mzima kwenda kuomba na kurudi mikono mitupu, na kama angemwona angelazimika kumweleza. Akarudi Nanyuki, asimwambie yeyote, hata Sagal ndiyo kwanza anasikia leo. Baadaye biashara ikampeleka Isiolo akakaa huko miaka mingi, namba za simu zikapotea, na kila mara alisema atakwenda.

"Ungewadanganya kidogo," Wakiuru akasema, na sasa kicheko kilikuwa kimemshinda kabisa. "Ungewaambia uko karibu kuokoka. Wangekupa siku hiyohiyo."

"Nilifikiria hiyo," Hashi akasema. "Nikiwa hapo kwenye kiti nilifikiria. Lakini yeye hangenisamehe."

Hapo wote watatu walicheka, Sagal akiwa ameshika mbavu, na katikati ya kicheko Wakiuru akajikuta analia, kilio kikubwa ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka. Hawakumnyamazisha. Alikuwa akimwona Ngatia miaka yote ile ya Gatitu, akitembea na koti lake la kahawia kwenda kuwafundisha watoto wa Jumapili, akijiona mtu aliyetumwa mahali akarudi bure, na kumbe saa ileile kulikuwa na mtu amevaa kanzu ya Idi akimwombea arudishwe. Alitamani sana angeweza kumwambia. Hakukuwa na njia ya kumwambia. Alilijua hilo, na bado alihisi kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameuzoea hata akausahau.

Hawakumruhusu kuondoka siku ile. Alilala kwa Sagal, na Jumamosi akaenda naye dukani. Baada ya adhuhuri wanawake walianza kuingia nyuma ya duka, kwenye baraza lililoezekwa mabati, mmoja mmoja na mizigo yao ya soko: Wakikuyu wa mashamba ya maziwa, Wasomali wauza maziwa, Msamburu mmoja mwenye shanga hadi mabegani. Viti vilikuwa vya kanisa. Mchungaji kijana wa hapo, Mugo, alikuwa amemwazima Sagal bila masharti. Sagal alimweleza Wakiuru jinsi ilivyoanza. Mama mmoja aitwaye Ngendo alikuwa na mtamba mmoja tu, akampa dawa ya minyoo kwa kukisia kwa kuwa hakuweza kusoma karatasi ya chupa, na mtamba akafa. Alikuja dukani kulia. Sagal akamwambia arudi Jumamosi amfundishe kusoma, naye akarudi na jirani yake, na jirani na wengine.

"Herufi naweza kuwafundisha," Sagal alisema kwa sauti ya chini, "lakini hawa ni mama wakubwa, wanaona aibu wakikosea, halafu mimi sina subira. Wiki hii wawili wameacha. Mwalimu, kaa kidogo nasi."

Wakiuru alivuta kiti akaketi karibu na Ngendo, ambaye alikuwa ameshika chupa ya dawa na kuutazama upande mwingine. Hakumwambia asome. Alimuuliza habari za ng'ombe wa jirani yake, anayemsaidia kumkama. Wakazungumza Kikuyu juu ya chuchu zilizopasuka na nyasi zilizokauka, na polepole kidole cha Ngendo kikaenda chenyewe kwenye herufi ya kwanza.

Alikaa wiki mbili. Munene alipiga simu kila jioni. Alipoambiwa kwamba mama yake hataki kuhamia Thika, kwamba kila mwezi atakuwa akienda Nanyuki kwa siku kadhaa kufundisha, aliuliza ni kanisa gani limemtuma. Wakiuru akamjibu kwamba hakutumwa na mtu. Munene akasema atakuja kuona.

Alikuja mwezi uliofuata na wanawe wawili, na Hashi akaomba waketi karibu naye. Kwa Wakiuru hizo ndizo zilikuwa saa tamu kuliko zote. Alasiri, sala ikiisha, mzee alikuwa akikumbuka mabishano yake na Ngatia, alisema nini Mwinjilisti na yeye akamjibu nini, na katika maneno hayo Wakiuru alimsikia mumewe akisema mambo ambayo nyumbani hakuwahi kuyasema. Kwamba aliogopa siku ya kwanza alipokwenda sokoni. Kwamba alimwambia Hashi mke wake ndiye mwalimu na yeye ni mfungua mlango tu. Munene alisikiliza mpaka giza likaingia, na wakati wa kuondoka alimwinamia Hashi akamuuliza kama anaweza kurudi Alhamisi nyingine. Hashi alimwambia aje, lakini ajitayarishe, kwa sababu baba yake alikuwa mbishi sana.

Munene alirudi mara nyingi. Mvua za masika zilipoanza Hashi alizidiwa, na akafa asubuhi moja mlima ukiwa wazi. Alizikwa siku ileile kama ilivyo desturi yao. Mchungaji Mugo alikuja na watu wa kanisa, wakasimama nje ya geti kwenye matope, wanaume wakavua kofia jeneza lilipopita. Wakiuru alifika alasiri kutoka Gatitu, akaingia kwa wanawake, akaketi mkekani kando ya Sagal, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Jumamosi yake alidhani hapatakuwa na darasa. Alikwenda dukani kuweka kibao cha kuwaambia wanawake wasubiri wiki nyingine. Mvua ilikuwa ikipiga, na baraza la nyuma lilikuwa limejaa maji, lakini wao walikuwa wameshafika, wameingiza viti ndani katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, wamebanana, shuka na shungi zimelowa. Ngendo alikuwa amesimama akiwasomea wawili wageni majina ya siku za juma, akikwama na kuendelea. Baadaye kidogo Sagal naye akaingia, macho yamevimba, akaketi nyuma kabisa juu ya gunia. Alimwashiria Wakiuru aanze.

Wakiuru alichukua chaki, akafuta kwa kiganja ubao mdogo ulioegemezwa kwenye magunia, akaandika neno mvua.